Nilisema Haiwezekani, Nikijua Inawezekana

Mwaka 2011 karani wa chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Morogoro aliachishwa kazi kwa tuhuma za kula fedha za wanachama. Hakula hata shilingi. Fedha zilizoonekana kupungua alikuwa amewalipa wenyewe, mkononi, wakatia saini na wengine dole gumba. Kilichopoteza kumbukumbu za malipo hayo ni programu niliyoiandika mimi, nami nililijua hilo wakati bodi ilikuwa bado haijamwandikia barua. Nilinyamaza. Kusema kungenilazimu kukiri kwamba zana niliyoipenda kuliko zote katika kazi yangu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, na kwamba nilikwisha kuulizwa juu ya jambo hilo nikajibu uongo.

Chama sikitaji, wala watu wake siwataji. Wa kulaumiwa hapa ni mimi.

Zana yenyewe ni Visual Basic 6. Kijana aliyeingia kwenye kazi hii juzi hawezi kujua ilitufanyia nini sisi tuliojifunza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake, kufungua dirisha moja tupu kwenye Windows kulidai kurasa za msimbo wa lugha ya C ambazo mwanafunzi alizinakili bila kuzielewa. Visual Basic ilikuja na wazo la Alan Cooper, Mmarekani aliyeiuzia Microsoft kazi yake mwaka 1988: dirisha usiliandike, lichore. Unachukua kitufe, unakiweka unapotaka, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea mtu akikibonyeza. Toleo la kwanza lilitoka 1991, la sita 1998. Ukibonyeza F5 programu inatembea. Ikikwama inasimama palepale penye kosa, unasahihisha mstari huku bado iko hewani, unaendelea na kazi. Mimi niliyekuwa nimeshindwa na C nilijiona fundi kwa mara ya kwanza. Nilijenga nyumba kwa Visual Basic, nikasomesha wadogo zangu kwa Visual Basic. Mapenzi yangu kwake hayakuwa ya kipuuzi, na sitaki msomaji adhani nayakana leo.

Lakini ilikuwa zana ya Windows peke yake, na Windows ya mezani. Mimi nikaifunga zaidi. Data zote za wateja wangu nilizihifadhi kwenye faili la Access, na kila fomu niliifunga moja kwa moja kwenye faili hilo kwa kifaa kinachoitwa Data control, kwa kuwa kiliniokolea kuandika. Faili la Access halizidi gigabaiti 2, na linapofunguliwa na kompyuta kadhaa kupitia mtandao unaokatikakatika huharibika. Kwa ofisi moja yenye kompyuta mbili tatu zilizounganishwa kwa waya, hilo si tatizo. Nilizoea ofisi za namna hiyo mpaka nikadhani ndizo ofisi zote.

Dalili zilikuwepo. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa Visual Basic ya .NET, ambayo programu zetu za zamani hazikuhamia bila kuandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2005 watumiaji wenyewe, wakiwemo wale ambao Microsoft ilikuwa imewapa hadhi ya MVP, yaani wataalamu wa kuthaminiwa zaidi, waliandika waraka wa kuomba toleo la zamani liendelezwe. Halikuendelezwa, na Aprili 8, 2008 msaada wa kampuni kwa mazingira ya kuandikia Visual Basic 6 ukakoma. Nilikuwa upande wa walioomba, nikiwa na hasira kama ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Nikajituliza kwamba programu zenyewe zitaendelea kutembea. Hilo lilikuwa kweli, na ni kweli mpaka leo: Windows bado inabeba maktaba zinazoziendesha. Nikajikinga nyuma ya ukweli huo kwa miaka.

Mwaka 2009 chama kilifungua tawi Kilosa. Ni mwaka uleule ambapo mkongo wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa kitu ambacho ofisi ya mkoani inaweza kukifikiria. Mwaka mmoja kabla yake M-Pesa ilikuwa imeingia Tanzania, na wanachama walikuwa wameonja kuona salio lao kwenye simu. Meneja, mtu mzima aliyepata elimu yake ya hesabu kwenye leja za karatasi, aliniita ofisini. Pale chamani waliniita mwalimu, kwa kuwa ndimi niliyewafundisha kompyuta.

"Mwalimu," akasema, "hivi sisi na Kilosa hatuwezi kuwa na leja moja? Mtu akitoa fedha kule, mimi hapa niione wakati uleule?"

"Haiwezekani, mzee," nikamjibu. "Mifumo ya aina hii haifanyi kazi hivyo."

Nilikuwa najua inawezekana. Nilikuwa nimesoma kuhusu MySQL na PHP, nimeona seva moja ikihudumia vivinjari vya mikoa mbalimbali. Hata Visual Basic 6 yenyewe ingeweza kuzungumza na seva ya MySQL kupitia ODBC, kama nisingekuwa nimezifunga fomu zangu zote kwenye faili la Access. Jibu la kweli lilikuwa hivi: mzee, linawezekana, ila kwa namna nilivyolijenga hili itabidi kuandika upya karibu lote, kwa zana ambazo bado sizijui vizuri, na labda mtu mwingine angelifanya haraka kuliko mimi. Mteja akishasikia hayo anaweza kuamua. Anaweza kusema subiri, au fanya polepole, au niletee huyo mwingine. Mimi nilimnyima nafasi ya kuamua. Nilichukua ukomo wa zana yangu nikampa kama ukomo wa teknolojia nzima, naye hakuwa na njia ya kunipinga, kwa sababu kila alichokijua kuhusu kompyuta alikuwa amekipata kwangu.

Aliposisitiza nilimpa sababu. Mtandao unakatika, ni kweli ulikuwa unakatika. Gharama ni kubwa. Ni kweli haikuwa ndogo. Wezi wa mitandaoni wataingia. Ni kweli wapo. Kila sababu ilikuwa na kweli ndani yake na zote kwa pamoja zilikuwa uongo, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Kulikuwa na kijana pale, aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka chuoni. Kompyuta yake mpakato ilikuwa na Ubuntu, na msimbo wake aliuandika kwa Vim. Nakumbuka kuona skrini yake inapofunguka, na katikati yake maneno ya Kiingereza ya kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Aliponiona nashangaa alinieleza kwamba aliyeitengeneza Vim ni Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyewahi kujitolea kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na badala ya kuiuza programu yake akawaomba wanaoitumia wakichangie kituo kile. Moolenaar alifariki mwaka 2023, na maneno yale yalikuwa bado yamo ndani ya Vim. Siku ile sikuyajali. Nilichokiona ni skrini nyeusi isiyo na kitufe hata kimoja, nikamuuliza kama kweli anataka kuwapa makarani kitu cha namna ile. Alijua, na mimi nilijua, kwamba karani asingeiona Vim hata siku moja, angeona ukurasa wa kivinjari tu. Swali langu lilikuwa la kumfedhehesha mbele ya watu, na lilifanikiwa.

Kijana yule naye aliipenda zana yake. Alibisha kwa ajili yake kwa joto lilelile nililobisha mimi kwa ajili ya yangu. Tofauti ni kwamba Vim ilitolewa kwanza kwenye mashine za Amiga mwaka 1991, ikahamia Unix, ikahamia DOS na Windows na Mac, na kwa hiyo mapenzi yake hayakumfungia mteja mahali popote. Yangu yalimfungia. Alikuwa ameandaa mfano mdogo wa leja moja kwa PHP, akaomba nafasi ya kuuonyesha kwa bodi. Mimi nikamwambia meneja kwamba vitu vya bure havina mwenyewe wa kumdai vikiharibika. Mfano ule haukuonyeshwa, mafunzo yake yakaisha akaondoka.

Mahali pa leja moja nikaweka flashi. Kila Ijumaa karani wa Kilosa alinakili faili lake kwenye flashi, likasafiri kwa basi hadi Morogoro, likaunganishwa na la makao makuu kwa programu ndogo niliyoiandika, na nakala iliyounganishwa ikarudi Kilosa kufunika ile ya zamani. Watu wazima wenye kazi zao walipanga wiki yao kufuata flashi, miaka ileile ambayo wanachama wao walikuwa wanatumiana fedha kwa simu wakiwa shambani.

Mwezi Desemba 2010 kuunganisha kulikuwa kumekuwa kwa polepole mno, nikaongeza sharti moja: chukua tu miamala iliyofanyika baada ya Ijumaa iliyopita. Ni mstari mmoja wa msimbo, na hapa naomba msomaji asiye wa fani anivumilie, kwa maana kosa lote limo humo.

Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Injini ya Jet, inayoendesha mafaili ya Access, ikipewa tarehe yenye utata ndani ya amri ya SQL huisoma Kimarekani, mwezi kwanza. Siku ikizidi 12 hakuna mwezi wa namba hiyo, basi injini inaisoma kwa mpangilio wetu, kimya, bila kumwonya mtu. Kwa hiyo mstari wangu ulikuwa sahihi tarehe 17 na 24 na 31 Desemba. Hata Ijumaa ya tarehe 3 na ya tarehe 10 haukuonyesha kosa, kwa sababu tarehe zile ziligeuka kuwa Machi 12 na Oktoba 12 za mwaka uleule, zilizokwisha kupita, na programu ikachukua miamala mingi kuliko ilivyohitajika, ikairuka iliyokuwamo tayari. Kisha ikaja Ijumaa ya Januari 14, 2011. Programu ilitakiwa kuchukua kila kilichotokea baada ya tarehe 7 mwezi wa 1. Jet ikasoma tarehe 1 mwezi wa 7. Hakuna muamala uliokuwa umefanyika baada ya Julai 1 ambayo bado haijafika, basi haikuchukua chochote, ikaandika kwamba imemaliza salama, na nakala isiyo na wiki ile ikarudi Kilosa kufunika nakala iliyokuwa nayo.

Wiki ile ilikuwa ya kufungua shule. Wazazi walikuwa wametoa akiba zao kwa ajili ya ada, sare na madaftari, na waliotoa walikuwa wengi kuliko walioweka. Vitabu vya kompyuta vikaonyesha fedha hazikutoka. Sanduku la Kilosa likaonyesha hazipo.

Karani alitoa hati za malipo. Zilikuwepo zote, zina saini, zina dole gumba. Bodi ikasema amezighushi, kwa kuwa kompyuta haina habari nazo. Wapo wanachama walioulizwa wakathibitisha kwamba walilipwa. Wapo pia ambao, walipoambiwa kwamba akiba yao iko vilevile haijaguswa, hawakusema neno, na sina haki ya kuwahukumu. Lakini kilichommaliza karani ni imani ya bodi kwamba kompyuta haikosei, na imani hiyo niliipanda mimi. Siku za mafunzo niliwaambia kwa maneno yangu mwenyewe kwamba karatasi inaweza kudanganya, mfumo haudanganyi.

Meneja alinipigia simu niangalie. Aliponiambia kwamba kinachokosekana ni wiki moja kamili, si muamala huu na ule, nilihisi jibu kabla sijafungua msimbo. Mtu yeyote aliyeandika Visual Basic na Access nje ya Marekani kwa muda mrefu amewahi kuumwa na tarehe zile, na mimi nilikwisha kuumwa miaka mingi nyuma. Nilifungua, nikauona mstari, nikaurekebisha mwezi ukatangulia. Nikamwandikia meneja kwamba nimefanya maboresho na kwamba kwa upande wa programu sijaona tatizo.

Sentensi hiyo ndiyo kosa langu kubwa kuliko yote ninayoyaungama hapa. Mstari wa tarehe ulikuwa uzembe, na uzembe mtu anaweza kuuombea radhi siku hiyohiyo. Barua ile niliiandika nikiwa na akili timamu. Nilijua kwamba nikisema ukweli, swali la kwanza la meneja litakuwa kwa nini tunasafirisha flashi, na la pili litakuwa yuko wapi yule kijana. Nilijiambia kwamba sina uhakika, kwamba huenda kulikuwa na wizi pia, kwamba bodi itachunguza na kumwona hana hatia. Haikumwona hivyo. Mwezi Februari akapewa barua ya kuachishwa, na Kilosa ni mji ambao habari ya mtu kufukuzwa kwa wizi inafika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani.

Nasikia vijana wa leo wakibishana: VS Code au Vim, Mac au Linux, Flutter au kitu kingine. Wapo wanaojenga programu za iPhone na hawana budi kuwa na Mac, kwa sababu Xcode haikai kwingine. Wapo wanaojenga za Android peke yake kwa kuwa ndizo simu za wateja wao. Kila mmoja ana mipaka ya zana yake, na ubishi wenyewe ni sehemu ya raha ya kazi hii, sitaki uishe. Ninachowaomba ni kitu kimoja, na nakiomba kwa uzito wote nilionao: mwenye fedha akikuuliza kama jambo linawezekana, mtenganishie lisilowezekana na usiloliweza wewe. Mwambie zana yangu inaishia hapa. Ukiona ulimi unakuwa mzito kuyasema maneno hayo, jua kwamba kuna mtu mahali fulani atakayebeba mzigo wa ukimya wako, na huenda humjui hata jina.

Sikujitokeza mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinishinda, lakini ukweli ni kwamba nilikutwa. Mwaka 2013 chama kiliamua kuhama, na aliyepewa kazi ya kuhamisha data ni kijana yuleyule, sasa akiwa na kampuni yake ndogo. Karani alikuwa na tabia ya kuhifadhi flashi za zamani kwenye droo ya ofisi, na aliyemrithi hakuzitupa. Kijana alizipitia moja moja ili asipoteze kumbukumbu, akakuta nakala ya Kilosa ya Januari 14, yenye malipo yote. Akailinganisha na msimbo wangu wa kuunganishia, toleo la kabla ya maboresho na la baada yake. Akanipigia.

"Shikamoo, kaka. Kuna mstari wa tarehe ulibadilishwa Januari 2011. Ulibadilisha wewe?"

Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nitamwambia meneja mimi au amwambie yeye. Niliomba niseme mwenyewe, akanikubalia. Aliponikubalia niliona haya kuliko kama angenitukana, kwa kuwa mimi nilipokuwa na nguvu juu yake sikumpa heshima kama hiyo.

Nilikwenda kwa meneja, kisha kwa bodi, nikaeleza yote kwa maandishi. Bodi ilimwandikia karani barua ya kumsafisha na kumlipa stahili zake. Kazi hakuitaka tena. Nilimfuata Dumila, alikokuwa ameanzisha duka la vifaa vya shule, nikamwomba radhi. Hakunifukuza. Alisoma nakala ya barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Mwalimu, ulijua lini?"

Nikamwambia: kabla hujaandikiwa ile ya kwanza.

Akasema barua iliyo ndani ya faili haimsaidii, kwa sababu waliomwita mwizi hawakusoma faili lolote, walisikia kwenye mkutano. Alitaka isomwe kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama wa Kilosa, na isomwe na mimi. Mkutano mkuu uliofuata, ajenda ilipofika mengineyo, mwenyekiti aliniita. Nilisoma jina lake kamili, tarehe ya wiki iliyopotea, jumla ya malipo yaliyofutika, na sentensi niliyomwandikia meneja kwamba sijaona tatizo. Mzee mmoja akasimama kuuliza kama ada ya mjukuu wake, aliyoitoa wiki ile, sasa itakatwa kwenye akiba yake. Meneja akamjibu kwamba ndiyo, itakatwa, kwa kuwa aliipokea. Mzee akasema ni haki, aliipokea kweli kutoka kwa binti yule, akaketi.